ARABUNI SI MATEKA
Haki ya mnunuzi na haki ya muuzaji mauzo ya nyumba yanapovunjika



Mada tuliyopewa inahusu fedha ambayo mnunuzi huitanguliza anapokubaliana na mwenye nyumba, na ugomvi unaozuka mauzo yale yanapokwama. Pengine wapo wanaojiuliza kwa nini Tume ya Haki na Amani ijishughulishe na biashara za watu. Jibu letu ni fupi. Fedha ile mara nyingi ndiyo akiba yote ya jamaa nzima: ni dagaa wa misimu kadhaa, ni pamba ya shamba zima, ni jasho la mtoto aliyekwenda kuchimba dhahabu Buhemba. Na nyumba inayouzwa mara nyingi ndiyo mali ya pekee ya mwenyewe. Fedha ya namna hiyo ikipotea bila haki, majirani huwa maadui, na uadui huo hurithiwa na watoto.

1. Arabuni ni kitu gani?

Fedha hii ina majina mengi. Wengine huiita malipo ya awali, wengine kishika uchumba, na madalali husema advansi. Kiswahili chetu kinalo neno la zamani zaidi, arabuni, na wasomaji wa Maandiko wanalikumbuka. Mtume Paulo, akiwaandikia Waefeso na Wakorintho, alitumia neno hilo la wafanyabiashara ili kueleza kwamba Roho tuliyepewa ni dhamana ya urithi utakaokamilika baadaye. Hakuchagua neno la sokoni kwa bahati tu. Alijua kwamba wasikilizaji wake wanaelewa arabuni kuwa sehemu ndogo inayotolewa leo ili kuthibitisha kwamba iliyobaki itakuja.

Basi arabuni ni ahadi iliyovikwa fedha. Kwa mnunuzi inasema, "Sitakimbia." Kwa muuzaji aliyeipokea inasema, "Sitamuuzia mwingine." Inawafunga wote wawili. Hapa ndipo kosa kubwa linapoanzia, kwa kuwa wengi hudhani inamfunga mnunuzi peke yake. Huamini kwamba ikishaingia mfukoni mwa muuzaji imekuwa mali yake, litokee litakalotokea. Sivyo ilivyo. Lugha yetu inalo pia neno rubuni, lenye maana hiyohiyo ya fedha ya kutanguliza, lakini kumrubuni mtu ni kumvuta kwa hila. Maneno hayo yanakaa karibu mno, nasi yatupasa kuyatenganisha katika matendo yetu.

2. Kwa nini jambo hili linatugusa leo?

Wazee watakumbuka kwamba zamani ardhi haikuuzwa kama inavyouzwa sasa. Chini ya sheria ya ardhi ya Tanganyika ya mwaka 1923, na kwa miaka mingi baada ya Uhuru, kilichohesabiwa kuwa na bei ni maendelezo: nyumba, miti na mazao. Mwana wa Butiama, Mwalimu Julius Nyerere, aliandika mwaka 1958 kijitabu kiitwacho Mali ya Taifa, akipinga ardhi isifanywe bidhaa ya wachache wenye fedha. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, zimeendelea kusema kwamba ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Lakini zimekubali pia kwamba haki ya kuitumia ardhi ina thamani, na kwamba thamani hiyo izingatiwe.

Tangu hapo bei za viwanja na nyumba zimekuwa jambo la wazi. Mji wa Bunda umetanuka kando ya barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma na Sirari. Butiama imekuwa wilaya tangu mwaka 2012, na makao ya wilaya huvuta watumishi, maduka na wapangaji. Nyumba ambayo jana haikuulizwa na mtu, leo ina wateja watatu. Penye wateja watatu, muuzaji hujaribiwa. Na penye bei kubwa, mnunuzi hulazimika kutanguliza sehemu na kuomba muda wa kutafuta iliyobaki. Ndani ya muda huo ndimo ugomvi unamozaliwa.

3. Mauzo huvunjika kwa njia tatu

Mzee wa usuluhishi anapoletewa shauri la arabuni, asianze kwa kuuliza, "Fedha ni kiasi gani?" Aanze kwa kuuliza, "Nani ameyavunja mapatano, na kwa sababu gani?" Sisi watu wa Mara, ambako mahari hutolewa kwa ng'ombe, hatuhitaji kufundishwa swali hilo. Uchumba ukivunjika, wazee huketi na kuuliza ni upande gani uliorudi nyuma, ndipo huhesabu ng'ombe na ndama. Hekima hiyohiyo inafaa hapa.

Njia ya kwanza: muuzaji hakuwa na haki ya kuuza. Mume ameuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mkewe, ingawa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza jambo hilo. Au ndugu mmoja ameuza nyumba ya marehemu baba yao, naye hakuteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi. Au mtu ameuza eneo la kijiji bila kibali cha halmashauri ya kijiji, na Mahakama ya Rufani imekwisha kuamua kwamba mauzo ya namna hiyo ni batili. Katika mambo haya mnunuzi hapati nyumba, lakini fedha yake haipotei. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 65, inasema kwamba mapatano yakigundulika kuwa batili, aliyepokea faida yoyote kutokana nayo anawajibika kuirudisha au kuifidia. Muuzaji asiseme, "Mke wangu amekataa, basi tumemalizana." Hawajamalizana. Arabuni irudi yote.

Njia ya pili: muuzaji alikuwa na haki ya kuuza, lakini ameghairi. Mara nyingi sababu ni mteja wa pili mwenye bei nono. Hapa pia arabuni irudi yote, na zaidi ya hapo mnunuzi anaweza kudai fidia ya hasara iliyompata kwa sababu ya kuvunjwa kwa mkataba, kwa mujibu wa kifungu cha 73 cha sheria hiyohiyo. Pengine mahakama inaweza hata kumwamuru muuzaji atimize ahadi yake na kuuza. Tunalisema hili kwa sababu wapo wauzaji wanaodhani kwamba kurudisha arabuni ni hisani, tena huirudisha kidogo kidogo, laki moja leo na elfu hamsini mwezi ujao. Mnunuzi aliyekuwa na fedha ya kununua nyumba huishia kuwa na fedha ya kununulia unga. Kurudisha kwa namna hiyo ni kudhulumu.

Njia ya tatu: mnunuzi ameshindwa kumaliza. Hii ndiyo ngumu, na ndiyo inayogawanya mabaraza yetu. Wengine husema, "Ameshindwa mwenyewe, amepoteza." Wengine husema, "Fedha ni yake, arudishiwe yote." Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimeshika nusu ya haki.

Kwanza tumtazame muuzaji. Naye ana machozi yake. Pengine ni mjane anayeuza nyumba ili alipe deni la hospitali. Amewakataa wateja wengine. Amengoja miezi minne. Mnunuzi kisha anamjia na kusema, "Nimebadili nia, nipe changu." Je, kungoja kule hakukuwa na gharama? Arabuni isingekuwa na maana yoyote kama kila mnunuzi angeweza kuondoka bila kuumia hata kidogo.

Sasa tumtazame mnunuzi. Mkulima wa pamba ameahidi kumaliza baada ya mauzo ya msimu. Amepeleka pamba yake, malipo yamechelewa, na siku ya mwisho imepita. Je, juma moja la kuchelewa limfanye apoteze robo ya bei ya nyumba, huku nyumba ikibaki kwa mwenyewe? Huko kungekuwa kuvuna mara mbili katika shamba moja. Sheria ya Mikataba, kifungu cha 55, inatufundisha kutofautisha: kama wahusika walikusudia kwamba siku ile ndiyo moyo wa mapatano, kuchelewa kunampa mwenzake haki ya kuyavunja, kama hawakukusudia hivyo, kuchelewa kunampa haki ya fidia tu.

Na fidia ni kiasi gani? Kifungu cha 74 kinajibu. Mkataba ukivunjwa, na ndani yake kumetajwa kiasi cha kulipwa kama adhabu, aliyekosewa anastahili fidia ya haki isiyozidi kiasi kile. Sheria haikusema achukue chote kilichotajwa. Imesema fidia ya haki.

Kifungu hiki kina historia. Sheria yetu ya Mikataba ilitungwa mwaka 1961 kwa kufuata sheria ya India ya mwaka 1872, ambayo ilikuwa ikitumika Tanganyika kabla ya hapo. Kwa hiyo hukumu za India juu ya vifungu hivi haziwafungi mahakimu wetu, lakini huwasaidia kufikiri. Mwaka 1963 Mahakama Kuu Kabisa ya India ilitoa uamuzi katika shauri la Fateh Chand na Balkishan Dass. Mapatano yao ya mwaka 1949 yalikuwa ya mauzo ya nyumba na kiwanja chake kwa rupia 112,500. Mnunuzi alitanguliza rupia 1,000 za arabuni, kisha akalipa rupia 24,000 nyingine, na mkataba ulisema kwamba akishindwa kumaliza atapoteza zote 25,000. Alishindwa. Mahakama iliamua kwamba muuzaji abaki na zile 1,000 za arabuni. Zile 24,000 hakuruhusiwa kuzishika kama adhabu, kwa kuwa hakuthibitisha hasara ya kiasi hicho.

Tuupeleke uamuzi huo Bunda kwa mfano wa kubuni. Nyumba imekubaliwa kwa shilingi 24,000,000. Mnunuzi ametanguliza 6,000,000, kisha ameshindwa. Muuzaji ametafuta mteja mwingine na kuuza kwa 22,000,000. Amepata pungufu ya 2,000,000. Tuseme pia ametumia 200,000 kwa safari na kuandika karatasi upya. Hasara yake yote ni 2,200,000. Hiyo aikate, na 3,800,000 airudishe. Kama nyumba imeuzwa baadaye kwa 25,000,000, hasara ya bei haipo kabisa. Akate gharama zake ndogo na kuirudisha iliyobaki. Mzee mwenye kalamu na karatasi anaweza kuifanya hesabu hii chini ya mwembe, na pande zote mbili zikaiona haki kwa macho.

Hivyo basi, somo letu kwa wasuluhishi ni hili: kiasi kidogo kilichotajwa wazi kuwa arabuni chaweza kubaki kwa muuzaji aliyekosewa, kiasi kikubwa kilicho sehemu ya bei kisigeuzwe kuwa mateka.

4. Karatasi inayozuia machozi

Nabii Yeremia, katika sura ya 32 ya kitabu chake, alinunua shamba la binamu yake huko Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Walikuwa ndugu, na mji ulikuwa umezingirwa na adui. Hata hivyo aliandika hati, akaita mashahidi, akaipima fedha mbele yao, na hati mbili, moja iliyotiwa muhuri na moja iliyo wazi, zikawekwa katika chombo cha udongo ili zidumu. Kama nabii hakuona haya kuandikiana na binamu yake, sisi tunaona haya ya nini?

Sheria ya Ardhi, kifungu cha 64, inataka mkataba wa kuhamisha haki ya ardhi uwe wa maandishi, au uwepo ushahidi wa maandishi uliotiwa saini. Lakini karatasi nyingi tunazozijua husema neno moja tu: "Nimepokea kiasi kadhaa kwa ajili ya nyumba." Hazisemi nini kitafuata mambo yakiharibika. Twashauri mambo yafuatayo.

(a) Kabla ya kutoa hata shilingi moja, mnunuzi aione hati au barua ya toleo, na aombe upekuzi katika ofisi ya ardhi. Kijijini, afike kwa halmashauri ya kijiji.

(b) Amwone mke au mume wa muuzaji, na ridhaa yake iandikwe. Kama nyumba ni ya urithi, aione barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi.

(c) Arabuni iwe ndogo. Anayedai nusu ya bei kabla ya kuonyesha hati aogopwe.

(d) Mkataba utaje bei yote, kiasi kilichotolewa, kiasi kilichobaki na tarehe ya kumaliza. Useme wazi ni kiasi gani ni arabuni na ni kiasi gani ni sehemu ya bei.

(e) Mkataba ujibu maswali manne: Muuzaji akighairi, itakuwaje? Mnunuzi akishindwa, itakuwaje? Kibali kikikosekana bila kosa la mtu, itakuwaje? Na fedha itakayorudishwa irudi katika siku ngapi?

(f) Fedha ipitie benki au mbele ya mashahidi wa pande zote mbili. Dalali asiwe mtunza fedha. Kazi yake ni kuwakutanisha.

(g) Kila upande ubaki na nakala iliyotiwa saini, na ushuru wa stempu ulipwe, kwa maana karatasi isiyolipiwa ushuru huo yaweza kukataliwa kuwa ushahidi mpaka ulipwe.

5. Njia ya kudai haki

Mapatano yakivunjika, hatua ya kwanza ni kuketi. Jumuiya, mtaa au kijiji vyaweza kuwapatanisha, na mapatano yao yaandikwe. Kijijini lipo baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake. Katika kata lipo baraza la kata. Yafaa wote wajue kwamba tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 baraza la kata halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa, hutoa hati ya kuthibitisha hivyo, nayo siku 30 zikipita bila suluhu mlalamikaji aweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa wengi wetu baraza hilo lipo Musoma.

Pale ambapo anayedai hataki tena nyumba, bali fedha yake tu, shauri laweza kuwa la madai ya kawaida ya mkataba, na Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai ya namna hiyo yasiyozidi shilingi 30,000,000. Mtu aulize kwanza kwa karani wa mahakama, au kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ili asifungue shauri mahali pasipo pake na kupoteza mwaka. Wala asilale. Dai la mkataba hufa baada ya miaka 6.

Neno moja kuhusu polisi. Kuchelewa kurudisha arabuni ni deni, na deni halimfanyi mtu kuwa mhalifu. Kumtia mtu mahabusu ili ndugu zake wachange fedha si haki, hata kama deni ni la kweli. Lakini aliyepokea arabuni za watu wawili kwa nyumba ileile kwa kudanganya, au aliyeuza nyumba isiyo yake akijifanya mwenyewe, huyo ametenda kosa la jinai la kujipatia fedha kwa udanganyifu, na polisi ndiko mahali pake.

6. Wajibu wetu

Ndugu wapendwa, hatukuja kuwafanya mawakili. Tumekuja kuwaomba muwe mashahidi wema. Mkialikwa kutia saini karatasi ya mauzo, isomeni kabla ya kusaini. Mkiona mke ameachwa nje, ulizeni. Mkiona mkataba hausemi lolote juu ya kushindwa, semeni usubiri. Mkiletewa shauri, msimpendelee maskini kwa sababu ni maskini, wala tajiri kwa sababu ametoa soda. Shikeni kalamu, ulizeni nani alivunja mapatano, hesabuni hasara ya kweli, na iliyobaki irudi kwa mwenyewe kwa siku moja, mbele ya mashahidi walewale walioiona ikitolewa.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika mtaa au kijiji chetu, ni nani huandika mikataba ya mauzo ya nyumba? Je, mikataba hiyo husema nini juu ya arabuni?

2. Muuzaji amepokea shilingi 3,000,000 kwa nyumba ya shilingi 15,000,000. Mnunuzi ameugua na kushindwa kumaliza. Muuzaji ameuza kwa mwingine kwa shilingi 14,500,000. Mngeamuaje, na kwa hesabu gani?

3. Tufanye nini ili wake na wajane wasigundue kwamba nyumba yao imeuzwa siku mnunuzi anapokuja na mizigo yake?